Shane, The Virginian na wenzao: riwaya ipi ya kikauboi uanze nayo?

Kwenye kibanda cha video cha mtaani kwetu, picha ya kikauboi ikianza tulikuwa na maswali mawili tu: stelingi ni yupi, na adui ni yupi? Mkubwa mmoja akishatuonyesha kwa kidole, tulitulia. Stelingi hafi, hilo lilijulikana, kwa hiyo kilichobaki ni kuhesabu atalaza wangapi. Miaka mingi baadaye nilianza kusoma riwaya zilizozaa picha za namna ile, nikagundua kwamba swali letu la kitoto ndilo gumu kuliko yote. Vita ni vile vile, nyasi ni zile zile, lakini stelingi wa kitabu kimoja ndiye angekuwa adui wa kitabu cha pili.

Binamu yangu aliniuliza aanze na kipi. Nilimtajia vinne: The Virginian cha Owen Wister (1902), Riders of the Purple Sage cha Zane Grey (1912), Shane cha Jack Schaefer (1949) na Warlock cha Oakley Hall (1958). Akasema hana muda wa vinne, nimpe kimoja. Nikampa Shane. Lakini yeye ni mtu wa kusoma ndani ya daladala, na wewe huenda si hivyo, kwa hiyo ngoja nivipange ubavu kwa ubavu.

Ugomvi ulikuwa wa nyasi

Vitabu hivi huwa vinadhani unajua tayari watu wanagombea nini, kwa hiyo tuanzie hapo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, sehemu kubwa ya uwanda wa Magharibi ilikuwa ardhi ya serikali isiyo na uzio. Ng'ombe wa matajiri mbalimbali walichanganyika humo, wakala nyasi ambazo hakuna aliyezilipia, na kilichowatofautisha ni chapa ya moto iliyopigwa ubavuni. Kila majira ya kuchipua wachungaji waliwakusanya, ndama akapigwa chapa ya mama yake, maisha yakaendelea.

Sasa sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mtu wa kawaida kuchukua ekari 160 za ardhi ya serikali, akae miaka mitano, alime, kisha apewe hati. Mwaka 1874 Joseph Glidden akapata hataza ya seng'enge, na mlowezi maskini akaweza kuzungushia shamba lake na maji yake hata pale ambapo hapakuwa na miti ya kutosha kujengea uzio. Halafu baridi kali ya 1886 kuingia 1887 ikaua ng'ombe wengi mno. Makampuni makubwa, mengine yakiwa na wanahisa Edinburgh na London, yakaanza kutafuta mchawi.

Kule Wyoming mchawi alipatikana haraka: mwenye ng'ombe wachache. Ndama asiye na chapa na asiye na mama ni wa nani? Zamani alikuwa wa atakayemwahi. Sheria ya 1884 ikamkabidhi kwa chama cha wafugaji wakubwa, na tangu hapo mchungaji aliyempiga ndama wa namna hiyo chapa yake mwenyewe aliitwa mwizi. Mwaka 1889 Ella Watson na Jim Averell, waliokuwa wamechukua ardhi katikati ya malisho ambayo mkubwa mmoja aliyaona yake, walinyongwa bila kesi. Aprili 1892 wakubwa walikodi wapiga bastola kutoka Texas, wakapanda nao treni kutoka Cheyenne hadi Casper, wote pamoja wapatao 50, wakaelekea wilaya ya Johnson na orodha ya majina ya watu wa kuuawa. Walimzingira mchungaji mmoja, Nate Champion, ndani ya kibanda cha magogo siku nzima. Huku risasi zikipiga kuta, Champion alikuwa akiandika yanayomtokea kwenye kijitabu. Wakachoma kibanda, wakampiga risasi akitoka mbio. Wananchi wa mji wa Buffalo kupata habari, wakaja kwa wingi na kuwazingira wavamizi wenyewe. Waliowaokoa wavamizi ni askari farasi wa serikali, kwa amri ya Rais Benjamin Harrison, na hakuna hata mmoja wao aliyetiwa hatiani.

Anayetoka Kilosa au Kiteto hahitaji kufafanuliwa jinsi shamba na malisho yanavyoweza kumwaga damu. Kinachohitaji kushikwa ni huu mgawanyo wa Wyoming: wenye ng'ombe wengi walikuwa na mawakili na sikio la gavana, na wenye ng'ombe wachache walikuwa na majirani.

Upande wa tajiri, upande wa mlowezi

Wister alikuwa mtu wa Philadelphia, msomi wa Harvard, aliyekwenda Wyoming mwaka 1885 kutafuta afya. Majira yale ya joto alifikia kwenye ranchi ya Meja Frank Wolcott. Lishike jina hilo, kwa sababu miaka saba baadaye kiongozi wa kikosi kilichokwenda Johnson alikuwa Wolcott huyo huyo. Yaani mwandishi alikula chumvi ya upande mmoja kabla hajaandika neno la riwaya yake, na chumvi hiyo unaionja kila sura.

Stelingi wake hana jina. Anaitwa kwa jimbo alilotoka tu, ni kijana mrefu, mpole wa sauti, mchunga ng'ombe kwenye ranchi ya Jaji Henry, na baadaye anapanda kuwa nyapara. Adui ni Trampas, ambaye kosa lake la kwanza ni ulimi mchafu mezani kwenye karata na la mwisho ni kuiba ng'ombe. Kati ya hayo mawili kuna tukio ambalo kwangu ndilo moyo wa kitabu: nyapara yetu anaongoza kundi la kuwakamata wezi wa ng'ombe, na mmoja wa waliokamatwa ni Steve, rafiki yake wa siku zote. Hakuna mahakama. Kuna usiku mmoja, moto wa kambi, kahawa ya asubuhi na miti. Wister haonyeshi kamba yenyewe, anaonyesha watu wanavyojitahidi kuzungumza mambo ya kawaida hadi jua lichomoze. Nimesoma kurasa hizo mara nyingi kuliko pambano lolote la bastola.

Kisha anakuja Jaji Henry kumwelezea mwalimu Molly, mchumba wa nyapara, kwa nini kunyonga kule kulikuwa halali. Hoja yake: raia ndio waliozipa mahakama mamlaka, na mahakama za Wyoming zikikataa kuwatia wezi hatiani, raia wanajirudishia mamlaka yao. Anajitahidi hata kutenganisha jambo hili na kuuawa kwa watu weusi na makundi ya Kusini, analosema ni unyama. Hoja imepangwa vizuri, imevaa suti. Ila msomaji akikumbuka Ella Watson, na akikumbuka ni nani hasa aliyekuwa na kamba mkononi Wyoming, suti inaanza kufumuka mishono. Ndiyo maana nasema The Virginian kisomwe na mtu anayependa kubishana na kitabu. Ukikisoma kwa kuitikia tu, utatoka umemshangilia mwajiri.

Angalia pia mwisho wa yule kijana. Haondoki kwenda machweoni. Anaoa, anapata ardhi yenye makaa ya mawe, anakuwa mtu mzito. Utumishi wake umelipwa kwa kuingizwa kwenye tabaka la wakubwa.

Sasa chukua Shane. Schaefer alikuwa mwandishi wa magazeti wa mashariki, mzaliwa wa Cleveland, na alipoandika kitabu hiki alikuwa hajawahi kuikanyaga Magharibi. Ungetegemea kitabu cha kubabaika. Badala yake kimetoka kitabu kilichonyooka kuliko vyote vinne. Mwaka ni 1889, mahali ni bonde moja la Wyoming, na msimulizi ni Bob Starrett akikumbuka alivyoona mambo akiwa mtoto. Baba yake, Joe, ni mlowezi mwenye shamba na ng'ombe wachache. Upande wa pili wa mto yupo Fletcher, tajiri wa ng'ombe mwenye mkataba wa kuuza nyama, anayetaka bonde zima liwe malisho kama zamani. Anakuja mgeni mmoja juu ya farasi, amevaa nguo nyeusi, haelezi alikotoka. Anaomba maji, anabaki kula, mwishowe anabaki kama kibarua.

Kwa kurasa nyingi Shane hana bastola kiunoni. Imelala ndani ya blanketi lake. Pambano la kwanza kubwa la kitabu ni dhidi ya kisiki. Joe ana kisiki kikubwa nyuma ya nyumba kilichomshinda miaka, na Shane, kwa sababu za heshima ambazo sitazimaliza hapa, anachukua shoka na kuanza kukata mizizi. Joe anachukua lake. Wanaume wawili wanapigana na mti mchana kutwa bila maneno, na mama, Marian, anawatazama mpaka mkate wake wa matofaa unaungua kwenye oveni. Hapo ndipo unajua kila kitu: urafiki wa wale wawili, nguvu iliyofichwa ndani ya mgeni, na jambo la tatu kati ya Marian na Shane ambalo hakuna atakayelitamka hadi mwisho. Mwandishi mwingine angetumia risasi 20 kusema hayo.

Fletcher naye hatimaye anakodi mtu, Stark Wilson, na hapo sura ya kitabu inakuwa ile ya 1892: tajiri analeta bastola kutoka nje ili mlowezi ahame. Tofauti na Wister ni moja kubwa. Kwa Wister bastola inalinda mali ya aliye nayo tayari. Kwa Schaefer inamlinda anayetafuta pa kusimama, na anayeishika anajua kwamba akishaitumia hataweza kuishi tena bondeni. Joe atapata shamba, Shane hapati chochote.

Kuna kitu kimoja ambacho Wister anamshinda mwenzake, nacho ni kicheko. The Virginian kina utani mwingi kuliko sifa yake. Kuna mashindano ya uongo kwenye safari ya treni ambapo nyapara anamdhalilisha Trampas kwa hadithi ndefu ya kufuga vyura, bila kugusa bastola, na kundi zima linahamia upande wake. Shane hakina mzaha kabisa. Mtoto anayesimulia ni mtoto mwenye uzito wa mzee.

Kwa Kiingereza chake, tofauti ni kama ya barabara ya lami na ya mchanga. Shane ni kifupi, sentensi zake ni fupi, kidato cha tatu anayesoma kwa bidii anakimaliza kwa wikiendi mbili. The Virginian kinazidi kurasa 400 katika matoleo mengi, na wachungaji wanaongea lahaja iliyoandikwa kama inavyosikika, maneno yamekatwa mikia. Soma kwa sauti utaelewa zaidi. Msimulizi naye ni mgeni kutoka mashariki ambaye mara anaona kwa macho yake, mara anasimulia mambo ambayo hangeweza kuyaona. Usihangaike naye.

Wale wengine wawili

Riders of the Purple Sage ndicho ningempa mtu anayependa tamthilia za mapenzi na kisasi, aliyezoea vipindi mia na bado anataka cha mia na moja. Zane Grey alikuwa daktari wa meno kabla ya kuishi kwa kalamu. Hapa tuko kusini mwa Utah, mwaka 1871, na mwenye mali ni mwanamke: Jane Withersteen amerithi ranchi, makundi ya ng'ombe na chemchemi ambayo kijiji kizima kinaitegemea. Wazee wa kanisa lake wanataka aolewe na mmoja wao, Tull, ili mali na maji vihamie mikono wanayoiamini. Akikataa, ng'ombe wanaanza kupotea. Anatokea Lassiter, mpiga bastola mwenye mavazi meusi na kaburi la kutafuta, na Jane anatumia nusu ya kitabu akijaribu kumfanya aziweke silaha chini huku maadui wake wakizidi kumfanya ahitaji mtu mwenye silaha.

Kisomeni kwa ajili ya farasi. Mbio za Wrangle nyikani ni kati ya kurasa bora za aina hii ya riwaya, na kuna mahali Lassiter anamwonyesha Jane jinsi wahuni wanavyotumia shuka jeupe kumulika ng'ombe wakiwa mbali mpaka kundi zima likimbie kwa hofu, jambo ambalo nilikuwa sijawahi kulifikiria. Lakini Grey akiiona milima ikibadilika rangi hawezi kupita kimya, na milima ya Utah hubadilika rangi mara nyingi kwa siku. Zaidi ya hapo, Wamormoni wake wenye madaraka karibu wote ni wabaya. Ni picha ya upande mmoja ya watu halisi wa dini halisi, na msomaji aijue mapema.

Warlock ni kwa aliyeshasoma vingine. Hall ameuchukua mji wa Tombstone, Arizona, wa miaka ya 1880, akaubadilisha jina, na kuuliza swali ambalo wenzake wanalikwepa: mji usio na sheria ukimkodi mpiga bastola aulinde, nani atamlinda mpiga bastola asigeuke kuwa sheria? Kamati ya wafanyabiashara inamwajiri Clay Blaisedell, mwenye bastola za mipini ya dhahabu alizozawadiwa na mwandishi aliyekuwa anamtengenezea umaarufu. Mwanzoni kazi inaonekana rahisi, wezi wa ng'ombe wako kule, mji uko huku. Kisha wachimba madini wanagoma, na mwenye mgodi naye anataka bastola. Kuanzia hapo hakuna anayejua adui ni yupi, hata Blaisedell. Sehemu za kitabu ni shajara ya mwenye duka, mtu wa busara anayekosea mara nyingi kama sisi. Kina kurasa karibu 500, wahusika ni wengi, na utarudi nyuma kukumbuka nani ni ndugu wa nani. Kwangu ndicho kikubwa kuliko vyote vinne, lakini kumpa mtu Warlock kama kitabu chake cha kwanza ni kumwingiza kwenye mkutano uliofika katikati.

Kuhusu bastola zenyewe

Ukichagua kwa kiu ya mapambano, punguza matarajio. Wawili kusimama barabarani wakiangaliana nani atachomoa kwanza lilikuwa jambo adimu sana. Mfano halisi unaotajwa siku zote ni Wild Bill Hickok na Davis Tutt, Springfield, Missouri, Julai 1865. Mapigano ya bastola ya O.K. Corral, mjini Tombstone, Oktoba 1881, yalichukua nusu dakika hivi, yakaacha watatu wamekufa, na watu walikuwa karibu kiasi cha kushikana mikono. Vita vya malisho vyenyewe viliua kwa kuvizia, kwa kamba na kwa moto, kama alivyouawa Champion. Ni The Virginian kilichoupa umma ule mtindo wa onyo la kuondoka mjini kabla ya jua kuzama, na bwana harusi anayelazimika kutoka nje mkesha wa ndoa. Kwa hiyo mwenye kutaka kuona mtindo ulipozaliwa aende kwa Wister, na mwenye kutaka kuuona umefanywa kwa ustadi aende kwa Schaefer, ambaye pambano lake la mwisho, ndani ya baa ya Grafton, ni la kurasa chache na halina neno la ziada.

Jambo moja hutalipata kwenye chochote kati ya vinne. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba karibu mchunga ng'ombe mmoja kati ya wanne enzi zile alikuwa mtu mweusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani Texas. Mmoja wao, Nat Love, alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1907, miaka mitano tu baada ya Wister. Katika riwaya hizi nne hakuna hata mmoja wao aliyepewa kiti cha mbele. Ukisoma wasifu wa Love sambamba na The Virginian, utaona uwanda ule ule ukijaa watu ambao Wister alipita karibu nao bila kuwatazama.

Upande wa kuvipata: The Virginian na Riders of the Purple Sage vimeshaisha hakimiliki Marekani, vinapakuliwa bure kwenye tovuti ya vitabu ya Project Gutenberg na vinakaa vizuri kwenye simu. Shane na Warlock bado vina wenyewe, kwa hiyo ni kununua au kuazima. Picha ya Shane ya 1953, aliyoigiza Alan Ladd, ni nzuri kweli, lakini tafadhali anza na kitabu. Picha imembadilisha hata mtoto jina, na kisiki kwenye skrini ni dakika chache tu.

Binamu alimaliza Shane, akarudi kuniuliza kinachofuata. Nikampa The Virginian na onyo kuhusu Jaji Henry. Wiki iliyopita akanipigia kulalamika kwamba yuko sura ya sita na hadithi imesimama, wanazungumzia kuku aitwaye Em'ly anayelalia viazi, je, airuke? Nikamwambia aruke maelezo yote ya mandhari anayotaka, lakini yule kuku asimruke.